Pikapu Ndogo Kama Gari ya Kawaida: Mbona Kila Hustler wa Butali Anaitaka na Kwa Yadi Hakuna?

Simama stage ya Butali saa moja asubuhi, hapo kwa barabara kubwa ya Kakamega kwenda Webuye, ucheki vile mizigo inasonga. Trekta inavuta trela za miwa kuelekea kiwandani, polepole, na nyuma yake kuna foleni ya madere wamekasirika. Nduthi inapita na gunia la mahindi, jamaa amesongezwa mbele hadi amekalia tenki. Probox inafuata, mlango wa nyuma umefungwa na kamba juu kreti za soda zimekataa kutoshea. Halafu dabo kabini inakuja, imeoshwa inang'aa, vioo vyeusi, na nyuma haijabeba hata kabeji moja.

Umecheki hiyo picha? Katikati kuna pengo. Nduthi ni ndogo, trekta ni ya miwa, Probox imepewa kazi haikuzaliwa nayo, na dabo kabini ni ya mheshimiwa. Ile kitu mwenye agrovet ama fundi wa mbao anahitaji haiko kwa hiyo foleni.

Na hiyo kitu ipo duniani. Ni pikapu ndogo yenye imejengwa kama gari ya kawaida. Unaiendesha kama Vitz, inakunywa petroli kwa adabu, lakini nyuma iko na bodi wazi ya kutupa mzigo. Brazil wamejaa nazo. Marekani wamezigundua juzi tu na wakapigania foleni. Afrika Kusini walikuwa nazo miaka na miaka.

Sasa mbona hapa kwetu hakuna? Na kama uko na ganji sacco unaingoja ifike, utangoja hadi lini? Tulia nikuchanue.

Hii ni pikapu ya aina gani?

Chukua Hilux ama D-Max kwanza. Chini yake kuna chesi, yaani vyuma viwili virefu vimeunganishwa kama ngazi. Injini imekaa kwa hiyo ngazi, kabini imefungwa juu yake na bolti, na bodi ya nyuma pia imefungwa yenyewe. Ndio maana hizo gari zinabeba tani moja na kukanyaga mashimo bila kulia. Lakini uzito wa hicho chuma chote unaulipia: kwa bei, kwa mafuta, kwa tairi, na kwa mgongo wako ukiendesha ikiwa tupu maana springi za nyuma ni ngumu kama benchi ya chifu.

Pikapu ya gari ndogo haina ngazi. Bodi nzima ni kitu kimoja, vile Vitz ama Axio imejengwa. Kiwanda kinachukua gari ambayo tayari kinatengeneza, kinakata paa la nyuma, kinatia nguvu sakafu na springi, basi. Mara nyingi injini inasukuma magurudumu ya mbele. Inakuwa nyepesi, inakuwa chini kwa hivyo kupakia si kazi ya kuvunja kiuno, na spea nyingi ni zile zile za gari ambayo watu wanaijua.

Ubaya wake ni kwamba haina mgongo wa tani. Ukiibebesha kama lori itapinda, na gari ikipinda bodi hakuna fundi atakurudishia vile ilikuwa. Hiyo ni gari ya nusu tani, na ukipata mkubwa wao, kilo 800.

Babu yako aliiendesha

Usidhani hii ni kitu ya TikTok. Uliza wazee wa Malava kuhusu Nissan 1200, wengine wanaiita Datsun. Hiyo ilikuwa pikapu ya gari ndogo kabisa, mbele Nissan Sunny, nyuma bodi ya mzigo. Japani waliitoa 1971 na wakaendelea kuitengeneza hadi 1994. Afrika Kusini wakaipenda hadi wakaipa injini ya 1400, na kiwanda chao hakikuiacha hadi 2008. Miaka 37 jumla, kwa gari ambayo haikuwa na mbwembwe yoyote.

Halafu kulikuwa na Peugeot 504. Watu wanaikumbuka kama gari ya safari ndefu, lakini ilikuwa pia na pikapu, na 504 zilikuwa zinaunganishwa hapa hapa Kenya. Ilibeba mzigo mkubwa kuliko Nissan, lakini usukani na uso vilikuwa vya gari ya familia. Mwalimu mkuu alienda nayo kanisa Jumapili, Jumatatu ikabeba mbolea.

Kwa hivyo swali si kama Mkenya anaweza kuzoea pikapu ndogo. Aliizoea zamani. Swali ni mbona zilikauka na hakuna kitu ilikuja badala.

Milango mitatu yenye kufuli

Ukitaka kuelewa gari gani itakuwa kwa yadi ya Kakamega mwaka ujao, usiangalie matangazo. Angalia sheria ya Kenya na uangalie Japani. Magari mengi yanayosajiliwa hapa ni mitumba, na mitumba yetu karibu yote inatoka kwa minada ya Japani. Hapo ndipo pikapu ndogo inagongana na milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni umri. Kenya hairuhusu uingize gari yenye imepita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Mwaka huu wa 2026, maana yake ni gari ya 2019 kuja juu. Nissan 1200 ya mwisho ya Japani ni ya 1994, kwa hivyo hiyo sahau, labda uitafute kwa boma ya mzee imefunikwa na turubai.

Mlango wa pili ni usukani. Gari ya usukani wa kushoto haiingii Kenya, isipokuwa zile za kazi maalum kama ambulensi na za zimamoto. Na pikapu ndogo zenye zinafanya vizuri duniani leo, nyingi ziko upande huo. Fiat Strada ya Brazil ilianza 1998, ikabadilishwa kabisa 2020, na 2021 ikamaliza mwaka ikiwa gari iliyouzwa zaidi Brazil nzima. Si pikapu iliyouzwa zaidi, ni gari. Mwaka uliofuata ikarudia. Usukani wake? Kushoto.

Marekani nako, Ford ilileta Maverick mwaka wa 2021, pikapu yenye imejengwa kama gari ndogo na injini ya haibridi, bei ya kuanzia ikiwa chini kidogo ya dola 20,000. Wamarekani, wale watu wa malori makubwa kama nyumba, waliiagiza hadi Ford ikafunga oda mapema 2022 juu haingeweza kutengeneza za kutosha. Hyundai pia wakaingia na Santa Cruz mwaka huo huo wa 2021. Zote mbili usukani kushoto. Na bei ya Maverick imepanda sana tangu hapo, kwa hivyo ile story ya pikapu ya bei ya chini hata huko imeanza kuchuja.

Mlango wa tatu ni Japani yenyewe. Wajapani waliacha kutengeneza pikapu za gari ndogo zamani. Biashara zao ndogo zilihamia kwa vitu viwili: gari ya kubeba yenye paa, kama Probox na Nissan AD, na vilori vidogo vya injini ya 660cc. Kama Japani haitengenezi, mnada wake hauna, na kama mnada hauna, yadi yako ya Kakamega haitakuwa nayo.

Afrika Kusini ndio ilikuwa tumaini, maana usukani wao ni kama wetu. Baada ya ile 1400 kuisha 2008, Nissan ilitoa NP200 kwa kiwanda chake cha Rosslyn karibu na Pretoria. Hiyo ndio pikapu ya gari ndogo haswa, inasukumwa na magurudumu ya mbele, na inabeba kilo 800. Maduka, mafundi, wakulima, kila mtu alikuwa nayo. Mwaka wa 2024 wakazima mtambo wake, na ukoo mzima ukaishia hapo.

Ndio maana Probox ikawa mfalme

Sasa unaelewa kitu hakuna mtu alikwambia. Probox haikuwa mfalme wa Western kwa sababu watu waliipenda uso. Ilishinda kwa sababu mpinzani wake hakufika uwanjani.

Toyota ilitoa Probox 2002 kama gari ya ofisi Japani, ya kubeba sampuli na maboksi. Huku ikawa matatu, ikawa gari ya mikate, ya maziwa, ya harusi, na siku mbaya ikawa ya kuchukua mwili mochari. Kiti cha nyuma kikilala, Wajapani wameiandikia kilo 400. Watu watano wakiwa ndani, wameiandikia kilo 250. Hizo namba ziko kwa karatasi. Vile madere wetu wanaifanyia ni kesi ya karao na Mungu.

Lakini jaribu kubebea mteja tenki la maji la plastiki la lita 1,000. Halina uzito, ni kubwa tu. Probox haiwezi. Jaribu milango ya mbao, kitanda cha futi sita, mabati ya futi kumi, seti ya spika za DJ. Jaribu kubeba ingokho hamsini kutoka Chegulo hadi soko la Kakamega, halafu jioni umpeleke mamako kanisa na hiyo gari. Harufu haitoki hata uoshe na Omo wiki nzima. Kwa Probox, wewe na mzigo mnalala chumba kimoja. Pikapu inawatenganisha, na hapo ndipo pesa ya ziada iko.

Hesabu ya magunia

Hii hesabu haihitaji digrii, na ni poa tu maana mimi mwenyewe sikungoja hiyo gauni. Chukua gunia la mahindi la kilo 90 ulitumie kama rula.

Nduthi: gunia moja. Mawili kama dere ana roho ngumu na barabara ni kavu.

Kilori cha 660cc, yaani Suzuki Carry ama Daihatsu Hijet: kimeandikiwa kilo 350, kwa hivyo magunia matatu na nafasi ya kabeji.

Probox kiti kikiwa chini: kilo 400, magunia manne, na umeshajaza gari.

Pikapu ya nusu tani: magunia matano.

NP200, kama ungeipata: kilo 800, magunia manane.

D-Max ama Hilux ya singo kabini: tani moja hivi, magunia kumi na moja.

Sasa jiulize mzigo wa kawaida wa Butali ni upi. Mwenye agrovet anataka mifuko kumi ya mbolea ya kilo 50, hiyo ni kilo 500. Mwenye duka anataka sukari, unga na mafuta ya wiki. Fundi anataka mbao na saruji mifuko mitano. Mama wa hoteli anataka viazi magunia mawili na makaa. Miwa yenyewe usihesabu, hiyo ni kazi ya matrekta na malori ya kiwanda, pikapu haina biashara huko.

Ukiangalia hiyo orodha, mzigo mwingi wa mtaa uko kati ya kilo 300 na 800. Ni hapo hapo kwenye pengo. Tani moja ni nyingi, nduthi ni kidogo, na wasee wanalipa safari mbili za Probox kwa kazi ya safari moja.

Kwa hivyo soko liko?

Liko. Lakini hapa nataka uwe makini, maana wengi wanakosea mpinzani. Wakiona pikapu ndogo wanaipima na Hilux, wanasema ni ya bei nafuu, itauza kama mandazi. Mnunuzi wa Hilux hayuko sokoni kwa pikapu ndogo. Yule ni kaunti, ni mkandarasi, ni mheshimiwa, ama ni sonko anataka kuonekana juu. Mpinzani wa pikapu ndogo ni Probox iliyotumika. Hiyo ndio bei ya kushinda.

Probox ina silaha tatu ngumu. Spea zake ziko hadi kwa kibanda cha stage. Kila makanika kuanzia Lubao hadi Webuye ameifungua na kuifunga akiwa macho nusu. Na ukikwama kwa pesa, unaiuza haraka bila kupiga picha ishirini. Pikapu ndogo mpya sokoni, hata iwe tamu namna gani, lazima ijibu hayo matatu kwanza. Gari yenye spea inangojwa kutoka Nairobi siku nne si gari ya biashara, ni pambo.

Kuna pia mambo ya udongo. Butali ukishuka lami, unaingia barabara za miwa. Matrekta yamezichimba, mvua ya Aprili ikija zinageuka uji. Hapo pikapu inayosukumwa na magurudumu ya mbele ina shida yake. Ukiipakia nyuma kwa mlima wa matope, uzito unarudi nyuma, pua inakuwa nyepesi, magurudumu ya mbele yanazunguka tu. Strada na NP200 zinaangukia hapo. Kilori cha Suzuki ama Hijet kina nafuu hapa, maana injini inasukuma nyuma na vingi vina nguvu ya magurudumu manne.

Halafu kuna pesa ya miwa. Huu mji unapumua na viwanda viwili, West Kenya wanaotoa Kabras, na Butali Sugar Mills. Mkulima akilipwa, agrovet inauza, hardware inauza, harusi zinapangwa, na mwenye pikapu analala saa sita. Kiwanda kikisimama, kila kitu kinasimama. Julai 2023 serikali ilisimamisha kusaga miwa huku Western kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa ilikuwa imeisha shambani, watu wanavuna changa. Julai 2025 ikatoa amri ya kusimamisha tena, miezi mitatu. Kama ulikuwa umechukua gari kwa mkopo Juni, hiyo miezi ulilipa na nini?

Jirani amefanya nini?

Tanzania wana jibu lao na lina jina: Kirikuu. Hicho ni kile kilori kidogo cha Suzuki Carry na ndugu zake. Ukiwa Dar utakiona kimebeba maji, magodoro, matofali, ndizi, hadi vyombo vya mtu anayehama nyumba. Vijana wengi wamejiajiri na Kirikuu vile huku tumejiajiri na nduthi.

Kwa nini kwao kimejaa na kwetu kinaonekana moja moja? Sababu kubwa ni umri. Tanzania haikufungia mlango gari ya zaidi ya miaka 8, inaitoza tu pesa ya ziada kwa uchakavu. Kwa hivyo kilori kilichozeeka kinaingia kwa bei ambayo kijana anaweza kufikia. Kwetu lazima kiwe kibichi, na kilori kibichi Japani hakiuzwi bei ya kutupa, juu hata mkulima wa huko bado anakitaka.

Sisemi sheria yetu ni mbaya. Miaka 8 inatukinga tusigeuke jaa la vyuma vya watu. Ila kila sheria ina mtu anayeilipia, na hii analipa yule mwenye alitaka gari ndogo ya kazi.

Nani anaweza kuleta mpya?

Njia ya pili ni kuunganishwa hapa nyumbani. Isuzu wanaunganisha D-Max Nairobi, hapo Mombasa Road. Gari ikija kwa vipande inapata nafuu ya ushuru, na sheria ya miaka 8 haiihusu maana ni mpya. Kwa nini basi hakuna mtu ameunganisha pikapu ndogo?

Jibu ni idadi. Mtambo wa kuunganisha unataka oda nyingi kila mwezi, na mwenye oda nyingi ni serikali na makampuni, ambao wanataka tani moja na dabo kabini. Yule jamaa wa agrovet Butali anataka gari moja, na anataka kulipa pole pole. Kumbuka Volkswagen walirudi kuunganisha Polo Vivo Thika mwishoni mwa 2016, rais mwenyewe akaizindua. Gari safi, ndogo, mpya. Lakini mtu akiweka bei yake kando ya mtumba wa Japani, alienda na mtumba. Gari mpya ndogo Kenya inapigana na gari ya pili yenye imeshushwa bei na miaka saba ya Mjapani mwingine.

Bado kuna njia mbili za kuangalia, kwa sababu usukani wao uko upande wetu. India wana Tata Ace tangu 2005, kilori kidogo cha dizeli kilichojengwa kwa ajili ya biashara ndogo za mtaani, na huko kimeajiri watu wengi sana. Thailand nao, Novemba 2023 Toyota walitoa Hilux Champ, pikapu imevuliwa mapambo yote, bei ya kuanzia baht 459,000, bodi ya nyuma ni tambarare unajengea unachotaka. Hiyo ina chesi, kwa hivyo si pikapu ya gari ndogo kwa maana kamili. Lakini wazo ni lile lile: punguza mbwembwe, punguza bei, mpe hustler chombo cha kazi.

Maoni yangu ni haya. Ile pikapu tamu kama Maverick, yenye skrini na viti vya ngozi, usiingoje Butali. Ikija itakuja kwa watu wa Kileleshwa, na itauzwa bei ya dabo kabini. Kile kinaweza kushika hapa ni kitu cha singo kabini, nusu tani hadi kilo 800, petroli, bila maringo, kutoka India, Thailand ama Japani, na bei yake ikaribie ya Probox. Ikizidi hapo sana, Probox itaimeza kabla haijapata mwaka.

Kabla utoe ganji

Najua wewe uko wapi. Uko na laki kadhaa, pengine mzee ameuza kipande cha shamba, pengine ni mkopo wa sacco, na kuna broka anakupigia simu kila jioni. Kabla umjibu, fanya haya.

Andika mizigo kwa mwezi mmoja. Chukua kitabu, uandike kila mzigo umeona ukibebwa stage yako, kilo ngapi, kutoka wapi, na mtu alilipa ngapi. Usinunue gari kwa mzigo wa ndoto. Kama mingi iko chini ya kilo 350 na ni ya safari fupi, kilori cha 660cc kinatosha. Kama ni mizito na ya mbali, tafuta Townace ama Bongo ya pikapu. Hizo zina injini karibu ya 1500cc kuja juu, zinabeba kilo 750 na zaidi, na kwa yadi zinapatikana.

Gawa mkopo kwa siku. Tuseme unalipa 25,000 kwa mwezi na unafanya kazi siku 26. Hiyo ni karibu 960 kila siku, kabla ya petroli, kabla ya chai, kabla ya mvua. Siku gari iko garaji, hiyo 960 bado inadaiwa. Siku kiwanda kimefungwa, inadaiwa pia. Kama hesabu inafaulu tu wakati kila kitu kimeenda poa, hiyo si biashara, ni kamari yenye magurudumu.

Uliza bima na ukaguzi. Gari ya kubeba mzigo wa watu kwa pesa inataka bima ya biashara, si ile ya gari ya nyumbani. Inataka ukaguzi wa NTSA kila mwaka, na kuna kodi ya mapema ya KRA kulingana na tani. Ukikata kona hapo, siku ya ajali utajua bima yako ilikuwa ni stika tu.

Ongea na makanika kabla ya broka. Muulize ni gari gani anaweza kupata spea yake Kakamega leo, si kesho. Muulize gia ya hiyo gari ikikufa inagharimu ngapi. Broka anakula siku moja, makanika mtakuwa naye miaka.

Usiweke logibuku rehani kununulia stima ya sherehe. Hii haihitaji maelezo.

Mwisho, piga hesabu ya kutonunua. Kuna wasee wanalipa mwenye Probox kwa safari, wanajaza mizigo ya maduka matatu kwa safari moja, wanabaki na faida bila deni la mtu. Ukiona umefanya hivyo miezi sita na bado mizigo inabaki stage juu gari imejaa, hapo sasa soko lenyewe limekwambia ununue. Soko likikwambia, sikiza. Broka akikwambia, mwambie mulembe, uendelee na safari yako.